Mtu Aliyebeba Mlango

Diski ile iligoma kucheza mji mzima wa Same. Nilianza na banda la video lililo karibu na stendi ya mabasi, nikaenda kwa muuza vyombo vya umeme wa barabara kuu, nikamalizia kwa fundi redio mmoja ambaye zamani, kabla sijasafiri, nilikuwa namheshimu. Kila deki iliimeza, ikanguruma kidogo kama paka aliyelala jikoni, kisha ikaandika kwenye kioo cha runinga kwamba diski hii si ya kanda hii. Fundi redio aliitoa, akaipuliza, akaifuta kwa pindo la shati.

"Imechafuka," akasema.

"Haijachafuka. Imefungwa. Wenye sinema wameigawa dunia kwa namba. Amerika ina namba yake na sisi tuna yetu. Diski ya kule haisomwi huku mpaka aifungue mtu anayejua."

"Kumbe hata sinema siku hizi zinaombewa viza."

Waliokaa kibarazani wakacheka. Mimi sikucheka. Ndani ya diski ile alikuwamo kaka yangu, ambaye kwetu Gonja ana kaburi. Na mkewe alikuwa ametangazwa kanisani mara mbili kwamba anaolewa na mwanamume mwingine. Tangazo la tatu lilikuwa limesimamishwa kwa ajili yangu. Nilikuwa nimepewa mpaka Jumapili kuionyesha familia kile nilichosema nimekiona.

Nieleze mimi ni nani, maana Gonja wapo wanaosema nilibahatika. Sikubahatika. Nilianza kwa kubeba tangawizi za watu kichwani kutoka mlimani hadi barabarani, nikapata mtaji wa gunia moja langu, gunia likanifikisha Dar es Salaam, na kutoka huko nikaenda Lusaka nikiwa na bisibisi mbili na mita ya kupimia umeme niliyoitengeneza upya mwenyewe. Nilikarabati redio za watu wakubwa. Mmoja wao alinifungulia njia ya kwenda Kanada. Kule nilisugua masufuria kwenye jiko la chini ya ardhi la hoteli, nikakwangua theluji kwenye milango ya watu, na jioni nikaenda darasani na mikono inayonuka sabuni. Wenzangu wa darasa walikuwa vijana waliolelewa na umeme tangu tumboni. Niliwapita. Stashahada yangu ya ufundi wa elektroniki iko ukutani kwenye karakana yangu hapa Same, nyuma ya kioo, ina muhuri mwekundu, na nimeiweka mkabala na mlango ili anayeingia aanze nayo. Katika ukoo wetu hakuna mwingine aliyeondoka na kurudi na kitu cha kuning'iniza.

Kaka yangu alinitangulia kuondoka. Ilikuwa miaka ile ya foleni, mama zetu walipofulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na sukari ikiletwa kijijini watu walipanga mawe usiku ili yawashikie nafasi. Yeye alikuwa karani wa mizani katika shamba la mkonge huko tambarare. Shamba liliacha kulipa. Wafanyakazi waliotoka Kigoma na Songea walibaki kambini kwa kuwa hawakuwa na nauli ya kurudi makwao. Kaka alipanda mlima, akakaa nyumbani msimu mmoja, akaoa. Nyumba waliyoingia aliijenga kwa msaada wa wenzake, lakini mlango aliutengeneza peke yake kwa mbao za mkaratusi, mzito kupita kiasi, na sote tulimcheka kwamba anafungia dhahabu. Hata mwaka haukwisha. Akaaga kwamba anakwenda kusini kutafuta, akitulia atamwita mkewe.

Kitu kingine kuhusu kaka, aliimba. Alikuwa sauti ya tatu katika kwaya ya usharika, na wakati wa Pasaka watu walishuka kutoka vijiji vya juu kumsikiliza. Utotoni sikio lake la kushoto lilitoka usaha muda mrefu. Mama alimtia mafuta ya uvuguvugu kwa unyoya wa kuku. Lilipona nusu, na tangu hapo kila alipopanda kwenye noti ya juu alilishika sikio lile kwa vidole vyote, akalibana, akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ukutani. Mwalimu wa kwaya alimpiga fimbo, hakuacha. Alisema asipolishika haisikii sauti yake mwenyewe.

Barua ilikuja moja kutoka Zambia, nyingine kutoka mbali zaidi, kisha kimya. Miaka ikapita. Foleni zikaisha, maduka yakajaa sabuni za kila rangi, mitumba ikafika mpaka milimani, mashamba ya mkonge yakauzwa kwa watu wengine, na bado kimya. Vijana wengi waliokwenda kusini walikufa, na habari za vifo vyao zilifika, nyingine kwa mdomo, nyingine kwa sanduku. Za kaka hazikufika kwa njia yoyote. Baba alipolala kwenye ugonjwa wake wa mwisho alisema hataondoka kabla mtoto wake hajapumzishwa. Basi wazee wakafanya kama walivyofanya kale kwa waliopotelea mbali. Walikata mgomba, wakaufunga shuka, juu yake wakatandika joho la kwaya la kaka, wakauzika upande wa chini wa nyumba, karibu na babu. Mwinjilisti alikaa barabarani mpaka udongo ulipofukiwa, ndipo akaja kuomba na wafiwa. Hakuuona mgomba, wala hakuuliza. Shemeji yangu alivaa nyeusi. Mimi nilikuwa Lusaka wakati huo. Habari ilinifikia imekwisha kupoa.

Baba alikufa. Shemeji hakurudi kwao. Alibaki na mama, akalima, akamwuguza. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Mama alikuwa na mimi Kanada, na huyu mkwe mlangoni pake, na kwa kweli aliyekuwa mtoto wake ni huyu.

Diski niliikuta Kanada kwenye duka la vitu vilivyotumika, ndani ya kapu. Kwenye jalada kulikuwa na Waafrika wamebeba milango kichwani. Nikainunua kwa sababu ya ile milango. Si sinema kama tunavyozijua. Ni mchezo wa jukwaani uliopigwa picha kutoka ukumbini, unaona visogo vya watazamaji, na wachezaji huimba pale ambapo watu wa kawaida wangezungumza. Ni habari ya kijiji kinachohamishwa kando ya mto. Watu wanang'oa milango ya nyumba zao na kuondoka nayo, wakisema mtu akiwa na mlango hajakosa nyumba. Kundi la wanaume linaingia kutoka kushoto na milango yao wakiimba, na mmoja wao, wa nyuma kabisa, anatoka mbele kidogo, sauti yake inapanda juu ya wenzake, mkono mmoja unashikilia mlango na mwingine unakwenda kwenye sikio la kushoto.

Nilisimama na bakuli la chakula mkononi mpaka kikapoa.

Niliandika kwa wale ambao anwani yao ilikuwa kwenye jalada. Hawakujibu. Niliandika tena. Majina yaliyopita mwishoni niliyasoma yote polepole, la ukoo wetu halikuwamo. Hilo halikunishangaza. Waliokwenda kusini bila karatasi walivua majina kama mtu avuavyo koti lililochanika. Sikujua mchezo ulipigwa picha mji gani, wala mwaka gani. Lakini macho yangu ni ya fundi. Nikitazama ubao wa redio naona waya uliokatika kabla mwenzangu hajatoa bisibisi mfukoni. Nilimjua.

Niliporudi nyumbani moja kwa moja, jambo la kwanza nililomwambia mama, kabla hata ya kufungua masanduku, ni hilo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Hakulia. Alitazama mlangoni kwanza, halafu akaniuliza, "Amenenepa?"

"Kidogo, mama."

"Nywele?"

"Zina mvi pembeni."

Akachambua maharage kidogo. "Basi usiseme kwa sauti," akasema. "Mke wake yuko mferejini. Anaolewa."

Mchumba alikuwa mgane wa Kihurio, mwenye majaruba ya mpunga, mtu mpole ambaye alikuwa akipanda mlima kununua tangawizi na kuuza mchele. Mchungaji alikubali. Msiba ulikwisha kukaliwa, kaburi lipo, miaka imepita. Matangazo mawili yalisomwa na hakuna aliyesimama.

Mimi sikunyamaza. Nilikwenda kwa baba mdogo jioni ile ile nikamweleza. Ndoa ya mke wa mtu ni ndoa ya mke wa mtu, hata mume akiwa mwisho wa dunia. Nilichokijua nilikijua, na sikuvuka bahari nikasoma na kurudi ili nije kujifanya sijui.

Habari ilimfikia shemeji kabla yangu. Nilimkuta mferejini, maji ya kutoka kwenye ndiva, bwawa la kumwagilia la kijiji, yalikuwa yamefunguliwa kwa zamu yao, anasugua tangawizi kwa brashi.

"Habari za kazi, shemeji."

"Zipo. Nasikia umekuja na mume wangu kwenye kasha."

"Nimekuja na ukweli."

"Huo ukweli unaweza kubeba kuni?" Hakuinua kichwa. "Kama unaweza, mlete, kule jikoni zimekwisha."

"Shemeji, yuko hai. Nimemwona kwa macho yangu."

"Na yeye alikuona?"

Akatupa kipande kwenye kikapu, akachukua kingine.

"Mimi nimeshalia," akasema. "Nililia mbele za watu, wakaja wakala makande ya msiba wangu, wakaondoka. Nimevaa nyeusi, nikaivua. Mama yako kila homa nimemwogesha mimi. Leo unataka nikae tena pale kizingitini nimsubiri mtu anayeimba Amerika?"

"Sina hakika kama ni Amerika. Pengine ni Afrika Kusini."

"Hata hujui yuko wapi." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Shemeji, wewe umesoma. Lakini umenikuta nimefika mlangoni, ukanifungia."

Maneno hayo yaliniudhi, na bado yananiudhi. Mimi sikumfungia mtu. Nilisema nilichoona.

Tulikutana kwa baba mdogo, akiwapo mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye kikohozi cha kudumu. Alisema mchungaji amesimamisha tangazo la tatu; familia itazame hiyo picha na kutoa neno, na neno hilo litatosha.

"Nani atatoa neno?" nikauliza. "Maana nimekwisha kutoa langu."

"Wewe ulimwona ukiwa bado kijana," baba mdogo akasema. "Aliyezaa ndiye anayetambua. Hata mochwari pale hospitalini, akiletwa mtu ameharibika, wanamwita aliyezaa. Akisema ndiye, ndiye. Akisema siye, hakuna wa kumbishia."

Wakamgeukia mama. Wakamwuliza atamjua kwa alama gani, baada ya miaka hii yote.

"Kwa sikio," mama akasema. "Nililitia mafuta mimi."

Mzee wa kanisa akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Shemeji alikuwa amekaa nyuma ya mama, akatazama mikono yake, iliyokuwa na rangi ya njano ya tangawizi mpaka kwenye kucha.

Ndiyo maana nilikuwa Same nikizunguka na diski. Mafundi waliposhindwa, nilinunua deki ya Kichina ya bei nafuu, ile ambayo wenye pesa huidharau. Mimi najua kwa nini ni ya bei nafuu. Waliozitengeneza hawakutaka kuunda aina nyingi kwa kila kanda, kwa hiyo kufuli ni jepesi, na ufunguo umefichwa ndani ya mashine yenyewe. Nilifungua mdomo wake wa diski ukiwa mtupu, nikakaa nayo na rimoti, nikabonyeza namba kwa mpangilio mmoja baada ya mwingine, kwa subira, mpaka ukurasa uliofichwa ukajitokeza kwenye kioo. Nikafuta namba ya kanda yetu, nikaweka sifuri, yaani kanda zote. Diski ikacheza. Yule fundi redio alikuja kusimama mlangoni mwangu, akatazama, akaondoka.

Lakini kulikuwa na ugonjwa wa pili. Mfumo wa picha wa Amerika hauelewani na runinga zetu. Sauti ilikuja safi, picha ikaja haina rangi, nyeusi na nyeupe, tena ikipanda juu kama maji yanayochemka. Kupanda nilikuzuia kwa kuzungusha kitufe kilicho nyuma ya runinga. Rangi sikuipata, na ningehitaji kifaa ambacho Same hakikuwapo. Nilijiambia mama hahitaji rangi.

Jumapili baada ya ibada nilipandisha runinga, deki na jenereta kwa pikapu hadi Gonja. Jenereta niliiweka nyuma ya jiko ili kelele isitusumbue. Sebuleni tulifunga madirisha kwa khanga. Mama alikaa kwenye kiti cha baba. Baba mdogo na mzee wa kanisa walikaa kwenye benchi, majirani wawili watatu wakasimama ukutani. Shemeji alikaa kwenye kigoda kando ya runinga, mahali ambapo mtu haoni kioo vizuri, lakini anawaona wote wanaotazama. Nilimwambia asogee. Akasema panamtosha.

Nikawaeleza mchezo wenyewe kabla haujaanza, kama mwalimu, kwa sababu nilitaka waelewe. Hata hivyo baba mdogo hakuridhika.

"Huyu mama anaimba nini?"

"Anaomba maji, baba mdogo. Ana kiu."

"Mtu mwenye kiu ya kweli anaimba beti zote hizo?"

"Ndivyo michezo ya namna hii ilivyo. Wanachosema wanakiimba."

"Basi na wewe ungetuimbia habari zako za Kanada," jirani mmoja akasema. "Labda zingekuwa fupi."

Wakacheka, hata mama akatabasamu. Mzee wa kanisa alikohoa, akasema kwamba sauti ya pili wameipatia, lakini ya nne wanaivuta mno. Kwa kitambo tulikuwa watu wanaotazama runinga tu. Nakumbuka hivyo kwa uchungu, maana sijawahi kukaa tena na watu hawa wote nikiwa na furaha ile.

Kisha ikaja milango.

Waliingia kutoka kushoto, mstari wa wanaume, wameinama chini ya mizigo yao. Bila rangi, milango ilionekana kama majeneza. Hakuna aliyecheka tena. Wimbo ukapanda. Yule wa nyuma akajitenga, akasogea kwenye mwanga, sauti yake ikaachana na za wenzake, na mkono wake wa kushoto ukaachia mlango, ukaenda sikioni, vidole vyote vikalibana, kichwa kikainama.

Mtu mmoja ukutani alisema "Eee," kwa pumzi tu.

Mimi sikutazama kioo. Nilikwisha kukitazama mara nyingi. Nilimtazama shemeji. Kwa pale alipokaa hakuweza kuona uso wa mtu yule vizuri, lakini sauti aliisikia. Alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kushoto, wenye kucha za njano, ulikuwa umepanda wenyewe hadi kwenye sikio lake. Alilishika hivyo hivyo. Nadhani hakujua kama amefanya hivyo. Kisha akafumbua macho, akaukuta mkono wake pale, akaushusha haraka, akauweka chini ya paja.

Mama alikuwa anamtazama yeye.

"Rudisha," mama akasema.

Nikarudisha. Wakaingia tena, milango ikaja, mkono ukaenda sikioni. Mama alisogeza kiti mbele. Midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama anayehesabu au anayemwimbisha mtoto. Wimbo ulipofika pale juu kabisa, alishusha pumzi pamoja na yule mtu.

"Rudisha tena."

Nikarudisha. Safari hii alitazama mpaka wanaume wote wakatoka jukwaani, mtu wa mwisho akapotelea gizani na mlango wake. Nikasimamisha picha. Tukasikia jenereta nyuma ya jiko.

"Basi, dada," mzee wa kanisa akasema taratibu. "Tunakusikiliza."

Mama akafunga khanga yake vizuri. "Huyu si mwanangu," akasema.

Nilifikiri sikusikia sawasawa. "Mama, sikio."

"Nimeliona."

"Na mkono wa kushoto."

"Watoto wengi waliumwa masikio miaka ile. Huyu ni mtoto wa watu. Ana mama yake mahali."

"Mama, picha haina rangi, labda ndiyo inayokuchanganya. Nikipata kifaa kile..."

"Rangi ya mtoto wangu naijua." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Hakuna fundi mwingine angeweza. Sasa zima."

Nilisema tena. Nilisema mbele yao wote kwamba ni yeye, kwamba waliomo chumbani wote wamemwona, na wanaoogopa kusema waseme. Majirani walitazama chini. Baba mdogo akasimama, akachukua fimbo yake.

"Aliyezaa amesema," akasema.

Mzee wa kanisa akasema basi atamfikishia mchungaji, na Jumapili ijayo tangazo la tatu litasomwa.

Shemeji alikuwa bado kwenye kigoda. Alinyanyuka, akapita mbele ya mama, akapiga magoti kama anaokota kitu, ingawa sakafuni hapakuwa na kitu. Mama akamgusa kichwani kwa vidole viwili, mara moja tu. Shemeji akaenda jikoni. Alirudi na makande, akawapakulia wageni kwa zamu, mkubwa kwanza, na aliponifikia mimi alisema, "Shemeji, kazime jenereta. Unachoma mafuta bure."

Walifunga ndoa. Niliketishwa mbele, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa familia mwenye suti ile, na nilipoombwa kusema neno nilisema vizuri, watu wakapiga makofi. Tangazo la tatu liliposomwa sikusimama kuweka pingamizi. Ningesimama juu ya nini? Mochwari mtu haambiwi kwamba anakosea kumjua maiti wake.

Lakini siamini nilikosea, na hilo ndilo linaloninyima raha. Kwa elimu yangu yote, nilikifungua kitu kilichofungwa, nikakionyesha, kikaonekana, na wote wakakubaliana kwamba hakikuonekana. Kaka yangu ana kaburi Gonja, ana mke aliyeolewa kwa halali Kihurio, na pengine ana mvi zaidi sasa, mahali fulani. Wakati mwingine nikiwa karakana, mlango ukisukumwa, huinua kichwa haraka kuliko inavyompasa mtu mwenye kazi. Akiingia siku moja, nitamwambiaje? Kwamba mama yake alimtazama mara tatu?

Shemeji hupanda mlima mara kwa mara kuleta mchele. Kabla hajaingia kwa mama hupitia makaburini na ufagio. Hufagia la baba, hufagia la babu, hufagia na lile la mgomba, kwa makini, mpaka kwenye kingo. Mama zamani alikuwa akilifagia mwenyewe kila Jumamosi. Tangu siku ile ya runinga hajaligusa. Majani yakilijaa, humsubiri mkwe wake. Sijawahi kuwasikia wakilizungumza.

Mimi hupanda na pikapu mwisho wa mwezi. Mara ya kwanza baada ya harusi nilipakia mahitaji ya mama tu, mafuta ya taa, sukari, sabuni. Aliyapokea, akashukuru, akasubiri nikae.

"Ile mashine yako umeiuza?"

"Iko karakana."

"Ukija tena, ije."

Ikaja. Tulifunga dirisha kwa khanga, tukiwa wawili tu. Kifaa cha rangi nilikuwa nimekwisha kukipata kutoka Dar es Salaam, nikamwambia sasa atauona mchezo mzima kama ulivyo. Akasema mchezo mzima hauhitaji.

"Niwekee yule mtoto wa watu," akasema.

Nikamwekea. Wanaume wakaingia kutoka kushoto, na sasa milango ilikuwa na rangi, mmoja wa bluu, mmoja wa kijani iliyobanduka, na wa yule wa nyuma haukupakwa kitu, mbao tupu. Mama alisogeza kiti karibu na kioo. Mkono ulipokwenda sikioni, naye akainama upande ule ule, akakunja uso kama mtu anayeona mwenzake akitiwa dawa.

"Bado linamsumbua," akasema. "Mwangalie. Hapana mtu wa kumtia mafuta huko aliko."

Nilisubiri aseme neno lingine. Alinyoosha kidole, bila kunitazama, nirudishe.